Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuitoa Familia Matembezi ya Bure au ya Gharama Nafuu Mjini

Kiingilio ndicho kitu cha kwanza ambacho wazazi huulizia wanapopanga matembezi, ilhali mara nyingi ndicho kinachochukua sehemu ndogo kabisa ya fedha za siku hiyo. Bustani ya umma haina tiketi, maktaba haina tiketi, na ufukwe ulio wazi kwa watu wote hauna tiketi. Hata hivyo, familia ya watu watano inaweza kurudi nyumbani mfuko ukiwa mtupu kwa sababu nauli ilihesabiwa ya kwenda tu, maji yakanunuliwa langoni kwa bei ya langoni, na mtoto aliyechoka akabembelezwa kwa puto, kisha kwa aiskrimu, na hatimaye kwa teksi ya kumrudisha nyumbani akiwa amelala. Anayetaka matembezi ya bure yabaki kuwa ya bure hana budi kuviandalia vitu hivyo vinavyoizunguka safari kabla hajafunga mlango wa nyumba.

Hesabu ianzie kwenye nauli, tena ya kurudi itangulie. Ni vyema kujua mapema mtoto huanza kulipiwa nauli akiwa na umri gani, iwapo usafiri wa siku za mapumziko na sikukuu unafuata ratiba tofauti na ile ya siku za kazi, na basi au treni ya mwisho huondoka saa ngapi. Nauli ya kurudi itengwe pembeni, na ikiwezekana ishikwe na mtu mzima asiyebeba pochi kuu, ili wizi au usahaulifu wa mmoja usiwakwamishe wote. Baada ya hapo ndipo kitajwe kiasi cha matumizi ya huko mnakokwenda, na kitajwe mbele ya watoto mkiwa bado nyumbani. Mtoto aliyeambiwa sebuleni kwamba kila mmoja atachagua kitu kimoja tu hubishana kidogo kuliko yule anayelisikia sharti hilo kwa mara ya kwanza akiwa tayari amesimama mbele ya muuzaji.

Neno “bure” nalo lihakikiwe, kwa sababu mara nyingi huja na masharti yake. Yako makumbusho yanayosamehe kiingilio kwa wakazi wa mji peke yao, na mkazi huyo hutakiwa kuonyesha kitambulisho. Yako yanayowasamehe watoto huku mzazi akilipa. Na yako yasiyotoza chochote lakini yanataka uweke nafasi siku kadhaa kabla. Makumbusho ya taifa ya Uingereza yaliondoa kiingilio cha maonyesho ya kudumu mwaka 2001, lakini hata huko maonyesho maalumu hukatiwa tiketi, na familia isiyolijua hilo hujikuta ikiwaeleza watoto kwa nini mlango wenye picha kubwa ya kuvutia ndio wasioweza kuupita. Iulizwe pia siku ya kufungwa, kwa kuwa makumbusho mengi hufunga siku moja katika juma, na katika nchi nyingi siku hiyo ni Jumatatu.

Siku ya Kimataifa ya Makumbusho, iliyoanzishwa mwaka 1977 na Baraza la Kimataifa la Makumbusho, huadhimishwa Mei 18, na makumbusho mengi hupunguza au kuondoa viingilio karibu na tarehe hiyo. Ni fursa nzuri, ila kwa maoni yangu haiwafai sana wenye watoto wadogo, maana foleni huwa ndefu na mtoto mfupi huona migongo ya watu kuliko vinavyoonyeshwa. Mwenye uwezo wa kulipa kiasi kidogo siku ya kawaida, tena asubuhi milango ikifunguliwa, hupata zaidi.

Jambo linalosahaulika kuliko yote ni miguu. Umbali unaoonekana mfupi kwenye ramani ya simu umepimwa kwa mwendo wa mtu mzima asiyesimama, wakati mtoto wa miaka minne husimama kuwatazama siafu, hurudi nyuma kuokota kijiti alichokiona, hukanyaga kila dimbwi, halafu ghafla hunyoosha mikono juu akitaka kubebwa, na kuanzia hapo hakuna tena mjadala. Bibi mwenye magoti mabovu naye hatalalamika. Atasema “nendeni tu, nitawafuata,” na ndiyo maana mpango unapaswa kumfikiria kabla hajalazimika kusema hivyo. Chagueni mahali penye viti na kivuli, mjue kama njia ina ngazi nyingi zitakazokikwamisha kigari cha mtoto au kiti cha magurudumu, na mwendo wa siku nzima upimwe kwa uwezo wa aliye dhaifu kuliko wote. Mahali pamoja panatosha kwa siku. Familia inayotaka kuona bustani, makumbusho na soko kwa mchana mmoja huishia kukimbizana.

Kuhusu jua, miale yake huwa mikali zaidi kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri, kwa hiyo matembezi ya nje yanafaa kupangwa mapema au jioni kila inapowezekana. Taarifa nyingi za hali ya hewa hutaja kipimo cha miale ya urujuanimno (UV), yaani ile miale ya jua isiyoonekana inayochoma ngozi, na Shirika la Afya Duniani linashauri watu wajikinge pale kipimo hicho kinapofika 3 au kuzidi, hata kama kuna mawingu mepesi. Kofia yenye ukingo mpana, nguo nyepesi inayofunika mabega na chupa ya maji ya kila mtu vinatosha kwa sehemu kubwa. Maji yatolewe kabla mtoto hajayaomba, kwani anayecheza hakumbuki kiu. Na kabla ya kumruhusu apande bembea au sehemu ya kuteleza, gusa chuma au plastiki hiyo kwa nyuma ya kiganja chako kwa sekunde chache. Kitu kilichoshinda juani kinaweza kuunguza ngozi ya mtoto hata siku ambayo hewa yenyewe si ya joto kali.

Chakula cha kufungasha ndicho kinachookoa fedha nyingi zaidi, lakini kina kanuni zake. Bakteria huzaliana haraka katika joto la kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi, na ndiyo sababu chakula kilichopikwa kisikae nje ya jokofu zaidi ya saa mbili, au saa moja tu ikiwa hewa imezidi nyuzi 32. Anayetoka asubuhi akitarajia kula mchana afungashe vyakula vikavu na matunda yasiyomenywa, au aweke chupa ya maji iliyogandishwa pembeni mwa chakula ndani ya mfuko uliofungwa vizuri. Chupa hiyo hupoza chakula njiani, kisha ikiyeyuka hunywewa. Ulizeni pia kama mahali penyewe panaruhusu kuingia na chakula. Mfuko wa taka na sabuni kidogo ya kunawia visikosekane.

Choo kiulizwe kabla ya kuondoka, kwa kuwa bustani nyingi za bure hazina, au zinacho lakini hufungwa mapema. Watoto wapitie chooni nyumbani hata wakisema hawana haja, na chenji iwepo kwa ajili ya vyoo vya kulipia.

Pale ambapo matembezi yanahusu maji, iwe ufukwe, ziwa, mto au bwawa la umma, uangalifu uzidi. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele, kwa sababu kinywa kinachohangaikia hewa hakina nafasi ya kuita. Na mtoto mdogo anaweza kuzama katika maji ya kina cha sentimita chache tu. Kosa la kawaida la familia kubwa ni kila mtu mzima kudhani kwamba mwingine anaangalia: shangazi anapanga vyombo, baba anapiga picha, mama anamvalisha mdogo, na wote wanaamini kuna jicho majini. Kabla ya kufika, pangeni zamu kwa majina na muda, na anayepokea zamu aambiwe waziwazi kwamba sasa ni yeye. Mwenye zamu haweki simu mkononi, na kwa watoto wasiojua kuogelea hukaa karibu kiasi cha kuwafikia kwa mkono. Maboya na vitu vya kuchezea vinavyopulizwa hewa visihesabiwe kuwa ulinzi. Wale wakubwa wanaoogelea waelezwe mapema kuhusu mkondo unaovuta watu kuelekea kina kirefu: akinaswa asishindane nao kurudi moja kwa moja nchi kavu, aogelee sambamba na ufukwe mpaka atoke ndani yake, au aelee huku akiita msaada.

Kwa wakazi wa miji ya baharini kuna ratiba nyingine ya kuangalia, nayo ni ya maji kujaa na kupwa. Katika fukwe nyingi, kati ya maji kujaa mara moja na kujaa tena hupita takriban saa 12 na dakika 25, hivyo kila siku saa ya maji kujaa husogea mbele kwa karibu dakika 50. Maana yake ni kwamba familia iliyofurahia mchanga mpana saa kumi alasiri Jumamosi iliyopita, ikirudi saa hiyohiyo Jumamosi inayofuata, huenda ikakuta maji yamefika kwenye ukuta, kwa sababu katika siku saba ratiba imesogea kwa karibu saa sita. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupwa sana na hujaa sana, na miamba iliyokuwa njia ya kupitia asubuhi inaweza kuwa kisiwa baada ya saa chache. Majedwali ya maji hupatikana bila malipo, na mvuvi yeyote anajua.

Mawingu yakitanda, uamuzi wa kuondoka usisubiri matone. Sauti husafiri kilometa moja kwa takriban sekunde tatu. Mkiona umeme na kusikia radi kabla ya kuhesabu 30, basi umeme uko ndani ya kilometa kumi hivi na ni wakati wa kuingia ndani ya jengo au gari lililofungwa. Mti uliowapa kivuli mchana huwa ndio mahali pa hatari. Subirini dakika 30 baada ya radi ya mwisho kabla ya kurudi uwanjani.

Mahali penye watu wengi, pigeni picha ya watoto asubuhi kabla ya kutoka, wakiwa na nguo walizovaa siku hiyo, maana mzazi aliyeshtuka husahau hata rangi ya shati. Namba ya simu iandikwe kwenye karatasi ndani ya mfuko wa mtoto au kwenye mkono wake. Jina lisiandikwe nje ambako mtu asiyemfahamu anaweza kulisoma na kumwita kwalo. Mtoto afundishwe kusimama palepale alipogundua kwamba amepotea, na kuomba msaada kwa mhudumu mwenye sare au kwa mama aliye na watoto. Mkifika tu, onyesheni wote kitu kimoja kikubwa kisichohamishika, kama mnara au lango kuu, kiwe pa kukutania.

Matembezi ya bei nafuu kuliko yote labda ni yale ya usiku, ya kutazama nyota, ingawa si wengi wanaoyafikiria. Vimondo vya Geminids hufikia kilele karibu na Desemba 14 kila mwaka na huonekana kwa macho matupu. Maandalizi yake ni machache: angalieni mwezi usiwe mpevu, tafuteni mahali penye giza lakini salama na panaporuhusiwa kuingia usiku, chukueni mkeka na nguo za baridi, na watoto walale mchana. Macho huhitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na mwanga wa simu moja huwarudisha nyote mwanzo, kwa hiyo ni bora simu zizimwe kabla ya kutandika mkeka.

Upo pia mpango wa barabara kufungiwa magari ili watu watembee na kuendesha baiskeli, utaratibu ambao Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, iliuanza mwaka 1974 na miji mingi imeuiga. Kama mji wenu unao, ulizeni saa barabara zinapofunguliwa tena, kagueni breki na upepo wa matairi siku moja kabla, na kofia ngumu zijaribiwe vichwani mkiwa bado nyumbani.

Kila mpango uwe na mbadala ulio karibu na ulio chini ya paa. Maktaba hufaa sana, mradi muulize kama ina sehemu ya watoto ambako kunong'ona si lazima. Saa ya kuondoka nayo ipangwe, nusu saa kabla ya kufungwa, kabla umati haujamiminika vituoni. Watoto waonywe mapema, kwanza dakika kumi kabla, halafu mara ya mwisho ya kuteleza, huku mtu mzima mmoja akiwa tayari amevikusanya viatu.