Gari la petroli linalogoma asubuhi ya baridi: anza na nozeli, plagi baadaye

Kila Juni na Julai hapa Tabora lawama ni moja: mchana gari linawaka kwa kugusa ufunguo tu, alfajiri linasaga stata mpaka betri inachoka. Wengi hukimbilia plagi kwa sababu ni rahisi kununua. Mimi naanza na mafuta.

Petroli ikiwa majimaji haiwaki. Kinachowaka ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Kwenye injini nyingi za mitaani kwetu, nozeli hunyunyiza petroli nyuma ya valvu ya kuingizia hewa. Valvu ikiwa ya moto, tone likiigusa linageuka mvuke. Alfajiri valvu imepoa, na sehemu kubwa ya mnyunyizo hunata ukutani kama umande kwenye bati. Ndiyo maana kompyuta ya injini huzidisha mafuta kupita uwiano wa kawaida, sehemu 14.7 za hewa kwa 1 ya petroli, kwa uzito. Sensa ya oksijeni ya kwenye ekzosi bado ni baridi, haiwezi kusahihisha, hivyo inayosikilizwa zaidi ni sensa ya joto la maji ya kupozea injini.

Hatua ya 1. Lilaze gari usiku kucha. Ukilipima likiwa na uvuguvugu umejidanganya.

Hatua ya 2. Kabla ya kuwasha, soma joto la maji na joto la hewa kwa mashine ya kusomea kompyuta ya gari. Yanapaswa kukaribiana. Maji yakisoma nyuzi 80 alfajiri, kompyuta inadhani injini ina moto na inabana mafuta. Huna mashine? Chomoa soketi, pima sensa kwa mita: nyingi husoma kiloomu 2 hadi 3 kwenye nyuzi 20, na hushuka hadi omu 300 hivi kwenye 80.

Hatua ya 3. Fungua swichi bila kupiga stata, subiri sekunde mbili, funga, rudia, kisha washa. Likiwaka vizuri kwa njia hii, presha ya petroli inavuja usiku: ni valvu ya pampu, regyuleta ya presha, au nozeli inayodondosha.

Hatua ya 4. Hapa ndipo penye kazi. Toa nozeli zikiwa kwenye bomba lake, zifunge kwa waya zisiruke, kila moja iingie kwenye chupa angavu. Fanyia nje, chomoa koili za plagi, kizima moto kiwe karibu, na anayevuta sigara aende zake. Kwanza fungua swichi tu: nozeli ikidondosha, haifai. Kisha mwenzako apige stata kidogo. Nozeli nzima hutoa ukungu mwembamba wenye umbo la pia. Ikitoa uzi mnene, matone ni makubwa. Injini ya moto huweza kulivumilia hilo, ya baridi haivumilii.

Injini za D-4, zinazonyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kama za baadhi ya Toyota Premio, usizijaribu hivi. Presha yake inaweza kupita baa 100, inatoboa ngozi.

Hatua ya 5. Safisha kwa mashine ya mawimbi ya sauti, kamwe si kwa sindano. Badilisha mipira yake yote.

Likishalewa mafuta, yaani petroli imezidi ndani ya injini, kanyaga pedali mpaka chini huku ukipiga stata. Magari mengi hukata mafuta ukifanya hivyo. Halafu vuta kijiti cha oili unuse. Ikinuka petroli, mwaga oili hiyo kabla ya safari ya Nzega.