Jinsi ya kusoma vitabu vya utumwa wa Marekani ukimfuatilia mama

Wengi wakishika hivi vitabu wanakimbilia viboko na kutoroka, mama wanampita tu kama mtu wa pembeni, wakati ukimfuata yeye ndo unaona mfumo mzima ulivyokuwa unafanya kazi. Kwa hiyo kama una insha ya kuandika au unasoma tu kivyako, jaribu hivi.

Kwanza jua sheria kabla hujafungua kitabu. Mwaka 1662 koloni la Virginia lilipitisha kwamba mtoto anafuata hali ya mama, mama akiwa mtumwa na mtoto ni mtumwa, hata kama baba yake ndo huyo huyo mwenye shamba. Halafu 1808 Marekani ikapiga marufuku kuingiza watumwa kutoka nje, sasa hapo kila mtoto anayezaliwa ni mali mpya ya bwana. Ndoa zao nazo sheria haikuzitambua. Ukishayajua haya kila ujauzito kwenye kitabu utausoma kwa jicho lingine.

Anza na Frederick Douglass, mtumwa aliyetoroka akaandika maisha yake mwenyewe, manake kitabu chake cha kwanza ni kifupi, ila usisome kimoja tu, na hili watu hawalifanyi kabisa. Kwenye kile cha 1845 (Narrative of the Life of Frederick Douglass) anasema alimuona mama yake mara nne au tano tu maishani, usiku, mama anatembea maili 12 kwa mguu baada ya kazi za shamba, anamlaza, mtoto akiamka mama kashaondoka zamani, na alipofariki anasema aliipokea habari karibu kama ya kifo cha mtu baki. Unafunga kitabu unasema huyu hakuwa na mama. Sasa chukua cha 1855 (My Bondage and My Freedom): mama yule yule anatokea jikoni usiku ambao mtoto kanyimwa chakula, anampa keki, anamgombeza mpishi, na tunaambiwa alikuwa anajua kusoma! Weka hizo kurasa mbili pamoja ujiulize kwa nini miaka kumi baadaye ndo mama anapata sauti. Mimi naona cha kwanza kiliandikwa kuwashtua wasomaji, cha pili mwana anamtafuta mama yake, lakini bishana na mimi.

Ukitoka hapo nenda kwa Harriet Jacobs, naye mtumwa aliyetoroka, kitabu chake ni Incidents in the Life of a Slave Girl, 1861. Soma na penseli, weka alama kila mahali mama na mtoto wako karibu, uandike pembeni nani karuhusu na imegharimu nini. Huyu alijificha karibu miaka saba kwenye kijidari juu ya banda la bibi yake, kusimama haiwezekani, akatoboa tundu awe anawaona wanawe wakipita chini nao hawajui kama yupo. Na usimruke yule bibi, familia nzima inasimama juu yake. Jacobs pia anaongea na wanawake weupe wa Kaskazini, majimbo yasiyo na utumwa, moja kwa moja, anajua watamhukumu, ndo maana kuna sehemu anazungukazunguka, hapo soma taratibu.

Beloved, riwaya ya Toni Morrison (1987), iwe ya mwisho, ukianza nayo utapotea. Kila mtu anakimbilia swali la kama Sethe, yule mama mhusika mkuu aliyetoroka utumwani, alikosea kumuua mwanawe, mi nasema liache kwanza. Fuatilia maziwa, yaani nani ananyonya, nani kanyang'anywa, Sethe mwenyewe alinyonyeshwa na nani. Mfuatilie na Baby Suggs, mama mkwe wa Sethe, kazaa wanane na kwa yule wa kwanza anachokumbuka ni kwamba alipenda mkate ulioungua chini, basi.

Ukimaliza ndo usome habari ya Margaret Garner, aliyempa Morrison wazo. Januari 1856 alivuka mto Ohio ulioganda na familia yake akitoka Kentucky, jimbo la utumwa, kwenda Ohio, jimbo lisilo na utumwa, na walipokuwa wanakamatwa Cincinnati akamuua binti yake mdogo. Wapinga utumwa walitaka ashtakiwe kwa mauaji huko Ohio, inashangaza lakini fikiria, mshtakiwa wa mauaji anahesabiwa kuwa mtu, na mtoto aliyeuawa pia. Akarudishwa Kentucky kama mali. Kwenye insha anzia hapo, kwenye hilo bishano la mahakamani, halafu ndo urudi kwa Sethe na lile swali lako la kama alikosea.