Kutoka E1 hadi SCSI: kulinganisha kasi ya laini na kasi ya diski

Tuseme kuna diski ya zamani ya SCSI (njia mojawapo ya kuunganisha diski na kompyuta), GB 9.1, na yaliyomo yanatakiwa yahamie tawi jingine kupitia laini ya E1, yaani laini ya simu ya kidijitali ya megabiti 2.048 kwa sekunde. Itachukua muda gani? Wengi huchukua 2.048, wakagawanya kwa 8, wakaishia hapo. Jibu hilo linakaribia ukweli, na ndiyo maana hupoteza watu.

Kwanza weka vipimo sawa. Watu wa simu huhesabu biti, watu wa diski huhesabu baiti, na baiti 1 ni biti 8. Angalia herufi: b ndogo ni biti, B kubwa ni baiti. Upande wa simu, kilo ni 1,000 siku zote. Viwango vya SCSI na vya IDE (njia nyingine ya zamani ya kuunganisha diski) navyo hufuata 1,000: MB 5 kwa sekunde za SCSI ya mwanzo ni baiti 5,000,000 kamili. Ile 1,024 inaletwa na kompyuta. Windows huhesabu MB 1 kuwa baiti 1,048,576, kwa hiyo diski yetu ya GB 9.1 itaonekana kama GB 8.47 ingawa hakuna kilichopotea. Dawa ni kugeuza kila kitu kuwa baiti kwa sekunde, bila kilo wala mega, kabla ya kugusa kikokotoo.

Pili, toa kile ambacho laini inakitumia yenyewe. E1 ina chaneli 32 za kilobiti 64. Chaneli 0 ni ya kupanga fremu, yaani kuonyesha kila mzunguko wa chaneli unaanzia wapi; kwa kawaida huipati. Zinabaki 31, yaani baiti 248,000 kwa sekunde. Kama chaneli 16 nayo imetengwa kwa ishara za simu, zinabaki 30: baiti 240,000. Muulize aliyekufungia laini, usikisie. Na ukitumia kikokotoo cha mtandaoni kilichoandikwa Marekani, hakikisha hakikupi T1, laini ya aina hiyo ya kule Marekani. Hiyo ni chaneli 24 tu, megabiti 1.544, na data ni baiti 192,000. Afrika Mashariki laini zetu ni E1.

Tatu, pakiti. Katika pakiti ya baiti 1,500, vichwa vya IP na TCP huchukua 40, ikabaki 1,460 ya data. HDLC, utaratibu wa kufunga pakiti ili zipite kwenye laini, huongeza baiti kama 7 juu ya pakiti, na tena hupachika biti ya sifuri kila zinapofuatana biti tano za moja, jambo ambalo kwa data mchanganyiko hula takribani asilimia 1.6. Ukipiga yote pamoja, zile 248,000 zinashuka hadi kama 236,000.

Sasa gawanya: 9,100,000,000 kwa 236,000 ni sekunde 38,560 hivi, karibu saa 10 na dakika 43. Hesabu fupi ya 256,000 ilikuwa inasema saa 9 na dakika 52. Kazi ikianza saa 4 usiku, hesabu fupi inakuahidi itaisha saa 2 kasoro dakika 8 asubuhi. Kweli yake ni saa 2:43, watu wameshakaa mezani na mtandao umejaa.

Ukigeuza upande wa pili, kutoka diski kwenda laini, mtego ni ule ule ila unauma zaidi. Fast Wide SCSI ni MB 20 kwa sekunde, yaani megabiti 160. STM-1, laini kubwa ya mitandao ya simu, ni megabiti 155.52. Mtu anaona zinakaribiana, anaandika laini moja. Lakini katika fremu ya STM-1 yenye safu wima 270, zinazobeba mzigo ni 260 tu: megabiti 149.76, au MB 18.72. Na kama STM-1 hiyo imekatwakatwa kuwa E1, zinaingia 63, kila moja na baiti zake 248,000, jumla MB 15.6. Kwa hiyo uliza imekatwa au ni nzima kabla ya kuandika namba yoyote. Ukiwa unahesabu laini zinazohitajika, zungusha kwenda juu.

Kwa SATA, iliyochukua nafasi ya IDE, usigawanye kwa 8. Gigabiti 1.5 za SATA ya kwanza hutumia biti 10 kwenye waya kwa kila baiti, hivyo ni MB 150, si 187.5. IDE haina mambo hayo: waya wake ni sambamba, na Ultra DMA/33 ni MB 33.3 moja kwa moja.

Hata hivyo, namba ya kiolesura ni upana wa mlango tu. Diski ya zamani yenyewe inaweza isifikie nusu yake. Pima kwenye Linux:

dd if=/dev/sda of=/dev/null bs=1M count=500

Mwishoni itakuandikia kasi, kwa MB za 1,000,000. Soma amri mara mbili kabla ya kubonyeza: of ndiko dd inakoandika, na ukiweka diski hapo unaweza kuifuta. Katika hesabu, tumia namba iliyo ndogo kati ya diski na laini.

Laini ikipita kwenye setilaiti, kama nyingi zilivyokuwa kabla ya nyaya za chini ya bahari za SEACOM kufika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, kuna kikomo kingine. TCP ya zamani hutuma baiti 65,535 kisha husubiri jibu, na kwenda na kurudi huchukua kama sekunde 0.55. Hapo hupati zaidi ya baiti 119,000 kwa sekunde, nusu ya E1, hata laini ikiwa tupu. Washa upanuzi wa dirisha la TCP (kiasi kinachotumwa kabla ya kusubiri jibu) pande zote mbili, au gawa faili na kutuma vipande viwili au vitatu kwa wakati mmoja.