Kabla hujaamini alama za dodoso la mzazi

Mimi ni msimamizi wa wahojaji, na fomu haziingizwi kwenye kompyuta kabla sijazipitia. Tunatumia SDQ, dodoso la uwezo na matatizo ya mtoto kitabia na kihisia, la Robert Goodman la mwaka 1997: maswali 25 katika makundi matano, na majibu matatu tu, si kweli, kweli kiasi, kweli kabisa.

Usikimbilie alama. Angalia kwanza aliyejibu ni nani. Mtoto akilelewa na bibi huku mama yuko mjini, anayoyasema mama ni ya kusimuliwa. Mhoji bibi.

Halafu tazama tiki. Mama anayejibu huku anageuza maandazi kwenye mafuta ataitikia chochote ili umuache. Ndiyo maana maswali 5 yameelekezwa kinyume, "kweli" ikiwa ni habari njema. Akisema ni kweli kabisa mtoto ana hasira za mara kwa mara, na kweli kabisa ni mtiifu, rudi ukamuulize, tena akiwa ametulia. Piga hesabu uone: "kweli kiasi" tangu mwanzo hadi mwisho humpa mtoto alama 20 kati ya 40, kwani kundi la wema haliingii kwenye jumla ya matatizo, na kila swali kati ya 20 yaliyobaki lina alama 0 hadi 2. Kwa mipaka iliyowekwa Uingereza, 17 tayari ni ya juu. Mtoto ataandikiwa rufaa kwa sababu ya maandazi!

Sasa alfa ya Cronbach, kipimo cha jinsi maswali ya kundi moja yanavyokubaliana. Ikokotoe kwa kila kundi la maswali 5, si kwa jumla peke yake. Wengi hutaka 0.7, ila kundi la uhusiano wa mtoto na wenzake huchechemea mara nyingi, hata katika nchi nyingine. Ikishuka mno, hakikisha kwanza yale maswali ya kinyume yamegeuzwa kwenye kompyuta, ndipo uwalaumu wazazi.

Baada ya wiki mbili hivi, rudia kwa wazazi wachache: mzazi yule yule, mhojaji yule yule. Ukirudi kesho yake atakuwa anakumbuka majibu. Ukichelewa sana mtoto mwenyewe atakuwa amebadilika. Linganisha pia wastani wa alama, maana mara ya pili watu huelekea kutaja matatizo machache, na uwiano peke yake, yaani kipimo cha jinsi alama mbili zinavyokwenda pamoja (1 ni kukubaliana kabisa), hauoni hilo.

Mama na mwalimu wakipishana, usilitupe dodoso. Mtafiti Achenbach na wenzake walikusanya tafiti 119 mwaka 1987, wakakuta uwiano wa watu wanaomwona mtoto katika mazingira tofauti ni 0.28 tu. Kuna mtoto bubu darasani ambaye nyumbani hakamatiki. Mimi huweka safu mbili, ya mama na ya mwalimu, na sikubali mtu azichanganye kuwa wastani mmoja.