SOMO: Kumtafutia mtoto wa chekechea mwalimu wa kuogelea (soma kabla hujalipa)

Wazazi wenzangu salama? Hili somo niliahidi kitambo, ikawa leo kesho leo kesho, haya leo nimekaa chini. Binti yangu alianza ana miaka mitatu na nusu, sasa ana mitano, na hapo katikati nimekosea sana na hela imeenda, kwa hiyo yachukueni makosa yangu bure.

Kosa kubwa tunalofanya wengi ni kutafuta bwawa badala ya mwalimu. Unaona maji yamekaa vizuri, vigae vinang'aa, unalipa ada ya miezi mitatu papo hapo. Bwawa halimfundishi mtu jamani.

HATUA YA 1: Umri
Hapa sikai sana. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani mwaka 2019 walisema mtoto anaweza kuanza mafunzo akishatimiza mwaka 1, na akifika miaka 4 wengi wanakuwa tayari kabisa. Kabla ya hapo asilimia kubwa ya darasa ni michezo ya maji, na sio mbaya, ndo anavyozoea. Kama ana kifafa, shida ya moyo, pumu inayomsumbua, au kawekewa vile vimirija masikioni, ongea na daktari wake kwanza.

HATUA YA 2: Nenda katazame darasa zima, mtoto mwache nyumbani
Hii ndo hatua yenyewe, ukiruka zote usiruke hii. Mi kule kwa kwanza niliiruka. Darasa la nusu saa, watoto wanane, mwalimu mmoja. Siku ya tatu nikaanza kuona kama kuna kitu hakiko sawa, nikafungua ile saa ya kuhesabia kwenye simu, kila mwalimu akimshika binti yangu naibonyeza, akimrudisha ukingoni naisimamisha. Kipindi kuisha nasoma: dakika tatu na sekunde arobaini. Muda wote uliobaki kakaa pale ukingoni na wenzake kama ndege kwenye waya, kajikumbatia, midomo inamtetemeka, anasubiri zamu. Nimelipia nusu saa nimepewa dakika tatu na ushee!

Kwa hiyo ukienda hesabu watoto. Kwa umri huu mwalimu mmoja na watoto wanne ni safi, sita iwe mwisho. Mwalimu awe ndani ya maji, sio kasimama juu na filimbi, na akimshughulikia mmoja wale wengine asiwape mgongo. Awepo pia mwokoaji wa pembeni ambaye kazi yake ni kutazama maji tu, sio huyo huyo anafundisha huku anapokea simu. Halafu mwangalie anavyomfanyia mtoto anayelia, hapo utamjua ndani ya dakika mbili.

HATUA YA 3: Muulize mwalimu
Ana cheti cha kufundisha? Mafunzo ya huduma ya kwanza, yaani kumpulizia mtu pumzi na kumbonyeza kifua, aliyapata lini mara ya mwisho? Nani anawabadilisha watoto nguo na kuwapeleka chooni? Mzazi anaruhusiwa kukaa anaona? Wakikuambia wazazi wasubiri nje hawaoni kitu, mi ningeondoka bila kuaga.

Na hili: mtoto akigoma unafanyaje? Akijibu "namtumbukiza tu, atazoea", mshukuru uende zako. Kuna mmoja alimzamisha binti yangu kichwa bila hata kumwambia, wiki tatu nzima kumwosha nywele bafuni ilikuwa vita, analia maji hayajafunguliwa. Huyu tuliye naye sasa siku ya kwanza hakumgusa kabisa. Alikaa ndani ya maji mpaka macho yao yakawa usawa mmoja, akapuliza mapovu kwenye kikombe, akampa kikombe naye apulize, basi. Nikajua tumefika.

HATUA YA 4: Maji
Simama kwenye kina kirefu, kama huoni sakafu vizuri usimwingize mtoto. Ile harufu kali ya kuchoma macho tunadhani ndo usafi, kumbe inatokana na klorini ikishachanganyika na jasho na mikojo, bwawa lililotunzwa halinuki hivyo. Joto liwe kama digrii 30 hivi, hawa wadogo wanapoa haraka na mtoto aliyepoa hafundishiki.

HATUA YA 5: Kipindi kimoja cha majaribio, ndo ulipe
Chagua saa ambayo hana usingizi wala njaa. Kostyumu iwe ya rangi kali kama machungwa, ya bluu inapotea kabisa ndani ya maji. Na usitegemee mitindo ya mashindano, mwanzoni anatakiwa ajue kupuliza mapovu, kuelea chali, na akidondoka ajigeuze arudi ashike ukingo. Hilo la mwisho ndo nalolipia mimi.

Haya, maswali.

SWALI: Dada, wangu ana miaka minne, wiki ya pili sasa analia kila kipindi. Nimtoe?
JIBU: Analia akiingia tu halafu ananyamaza, au mpaka mwisho? Wa kwanza mvumilie. Anayelia mpaka mwisho na usiku anaota, pumzika kidogo au badili mwalimu. Ila usimdanganye kwamba mnaenda dukani halafu anajikuta bwawani.

SWALI: Yale maboya ya kupuliza ya mikononi vipi?
JIBU: Sio kifaa cha kuokoa maisha mkuu, yanavuka na yanatoboka. Tena yanamzoesha kusimama wima kwenye maji na kuamini anaelea, siku akiingia bila nayo ndo balaa. Kwenye boti au ziwani mvalishe jaketi la kujiokolea linalomtosha.

SWALI: Akimaliza kozi naweza kumwacha bwawani na kaka yake wa miaka 9?
JIBU: Hapana hapana hapana. Masomo yanapunguza hatari, hayaiondoi. Mtu mzima awe karibu kiasi cha kumfikia kwa mkono, simu mfukoni, maana mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele wala hapungi mkono, anashuka kimya. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 300,000 hivi walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao ni watoto chini ya miaka 5.

SWALI: Aliharisha juzi, leo yuko poa, aende?
JIBU: Kama kaacha kabisa na ana nguvu sawa, ila siku anaharisha asikanyage. Daktari akisema ni kile kimelea cha Cryptosporidium subirini wiki 2 baada ya kuacha, klorini haikiui haraka, kinaishi siku kadhaa humo. Na hata kama mzima, akimeza maji akakohoa bila kuacha au akapumua kwa shida, hospitali saa hiyo hiyo.

SWALI: Mimi baba mtu sijui kuogelea, naweza kumsaidia chochote nyumbani?
JIBU: Sana tu. Mapovu kwenye beseni, kumwagiwa maji kichwani polepole huku mnahesabu mpaka tatu, ila usitoke hapo alipo hata kufungua mlango. Na wewe jiandikishe kaka, acha aibu. Mi nimeanza mwaka jana kwa mwalimu yule yule, nashikilia kibao kile kile cha binti yangu chenye picha ya bata, na yeye anakaa pembeni ananiambia "mama, puliza mapovu".