Somo: Kuhamisha pini za Google Maps kwenda kwenye GPS ya mkononi, kwa sisi tunaotunza mabomba ya milimani

Kamwene wa Iringa na Njombe, na wa Rungwe mwagonile.

Mwezi wa tatu mwaka jana bomba la inchi tatu lilipasuka juu ya kijiji chetu huku Uporoto, saa kumi na moja jioni, ukungu umeshashuka. Ili kuyazuia maji tulihitaji kufunga valvu moja tu, nayo ilikuwa ndani ya chemba niliyoiwekea pini kwenye simu mwezi mmoja kabla. Pini ninayo, mtandao sina. Nafungua ramani, orodha haifunguki. Vidole vimelowa, kioo hakisikii. Tukashika panga tukawa tunagonga ardhi kwa ubapa wake chini ya magugu, hatua kwa hatua, tunasikiliza. Udongo mtupu unameza sauti, lakini zege lenye uwazi chini yake linaitika. Lilituitikia baada ya saa tatu, na tulikuwa tumeshapita jirani yake mara mbili. Muda wote huo tenki la chini lilikuwa linakauka na zahanati haina maji.

Siku hizi pini zangu zote zimo kwenye GPS ndogo ya vitufe, Garmin eTrex 10, inayotumia betri mbili za AA ambazo duka lolote la kijijini linazo. Haihitaji laini wala bando, na inabonyezeka hata ukiwa na glavu. Naandika kila nilichofanya ili nawe ufanye ukiwa mjini, kabla hujapanda mlima.

Kwanza, toa pini zako Google. Kwenye kompyuta fungua takeout.google.com kwa akaunti ileile iliyo kwenye simu yako. Utakuta karibu kila huduma imewekewa tiki. Ondoa tiki zote kwa mkupuo, kisha rudisha mbili tu: ya vitu ulivyohifadhi, na ya Ramani yenye maeneo yako. Usipoondoa zile nyingine utaletewa picha zako zote za miaka na bando litaishia hapo. Google watakutumia kiungo kwa barua pepe, nawe utapakua faili la zip. Ukichagua hizo mbili tu, huwa ni jepesi.

Ndani yake kuna mafaili ya aina mbili, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Pini ulizozipa nyota zinakuja kwenye faili la JSON, kordineti zikiwa ndani. Orodha ulizozitengeneza mwenyewe, mfano orodha ya "Chemba" au "Vilula", kila moja inakuja kama faili la CSV, yaani jedwali linalotenganisha safu kwa koma, lenye jina, maelezo na kiungo. Safu ya kordineti haimo. Usikate tamaa. Mahali penye jina rasmi kwenye ramani, kama shule au duka, kiungo chake hubeba namba ya utambulisho tu. Lakini pini uliyoidondosha porini kwa kidole, kiungo chake huwa na kordineti zenyewe mwishoni, baada ya neno search. Na sisi chemba zetu zote ziko porini.

Pili, safisha jedwali. Kazi ni hapa, usiifanye kwa haraka. Fungua CSV kwenye Excel au LibreOffice Calc. Kwenye safu ya viungo tumia amri ya kutafuta na kubadilisha: tafuta https://www.google.com/maps/search/ na uweke patupu. Zitabaki namba mbili zenye koma katikati. Zigawe safu mbili kwa kutumia hiyo koma. Ya kwanza ni latitudo, ya pili ni longitudo.

Sasa majina. Pini za porini mara nyingi huja zote na jina moja linalofanana, na jina ulilolitaka wewe limekaa kwenye safu ya maelezo. Lihamishe. Ninawasihi mtumie majina ambayo mtu mwingine ataelewa usiku wewe ukiwa mgonjwa. Mimi natanguliza herufi mbili: VL kwa valvu ya kufungia, HW kwa valvu ya hewa, TP kwa ya kutolea tope, TK kwa tenki, KL kwa kilula, CH kwa chanzo. Halafu namba, halafu alama ya mahali, kama VL03 MLANZI MKUBWA. Usitie koma ndani ya jina.

Futa safu nyingine zote, ubaki na tatu, na mstari wa juu kabisa uandike vichwa hivi kwa herufi ndogo: name, lat, lon. Hifadhi kama CSV kwa jina chemba.csv. Kisha lifungue kwa programu nyepesi ya maandishi, Notepad inatosha, uone kama kila mstari unafanana na huu:

VL03 MLANZI MKUBWA,-9.01234,33.65120

Ukiona nukta za desimali zimegeuka koma, mpangilio wa lugha ya kompyuta ndio umefanya hivyo. Urekebishe kabla ya kuendelea.

Angalia alama ya kutoa mbele ya latitudo. Sisi tuko kusini ya ikweta, kwa hiyo lazima iwepo. Ikidondoka, chemba yako ya Mbeya inahamia kaskazini, pande za mpaka wa Sudan Kusini na Ethiopia. Na wale wanaonakili kutoka faili la JSON wajue kwamba humo longitudo ndiyo inatangulia. Mimi mara ya kwanza sikulijua hilo, nikazipanga kama nilivyozikuta, na vilula vyote vya kijiji vikaenda kukaa kwenye Bahari ya Atlantiki, magharibi ya Casablanca. Niligundua nikiwa tayari mlimani.

Tatu, geuza kuwa GPX. GPS nyingi za mkononi husoma faili la aina hii. Programu ya bure ya kugeuzia ni GPSBabel, na inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Ina dirisha la kubofya, ila mimi natumia amri moja, ninayoiandika kwenye dirisha la amri la kompyuta nikiwa ndani ya folda yenye chemba.csv:

gpsbabel -i unicsv -f chemba.csv -o gpx -F chemba.gpx

Nne, ingiza kwenye GPS. Waya wa eTrex 10 ni ule wenye mdomo mnene wa kamera za zamani, si wa simu. Tena uwe wa kupitisha data, maana kuna waya zinazochaji tu na kompyuta haitaona kitu. GPS itafunguka kama fleshi. Ingia folda ya Garmin, kisha ya GPX. Nakili kwanza kila kilichomo uweke kwenye kompyuta kama akiba, halafu bandika chemba.gpx. Angalia usifute faili lenye jina hilohilo bila kukusudia. Chomoa kwa usalama, washa, fungua orodha ya alama.

Tano, ijaribu mahali unapopajua. Mimi nilisimama kwenye tenki lililo nyuma ya ofisi ya kijiji nikaiambia GPS inipeleke hapohapo. Ikisema mita tatu au tano, ni sawa. Ikisema mita mia tatu, au kilometa arobaini, usiende popote. Soma maswali yaliyo chini, yapo majibu ya yote mawili.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Mafinga: Fundi, asante kwa somo. Mimi nina vitalu vya miti, si mabomba, lakini shida ni ileile. Kwa nini nisitumie simu tu? Nasikia GPS ya simu haihitaji mtandao.

Jibu: Umesikia kweli, ndugu yangu. Simu inapokea mawimbi ya setelaiti bila laini wala bando. Kinachokosekana porini ni ramani na orodha, kwa kuwa vinaletwa na mtandao. Kama huna pesa ya GPS, weka programu ya ramani iitwayo Organic Maps, pakua ramani ya eneo lako ukiwa na mtandao, kisha fungua lile faili la GPX ndani yake. Pini zako zitakaa ndani ya simu. OsmAnd nayo inapokea GPX. Kwa vitalu vya miti, unapotembea mchana kukiwa kukavu, simu inatosha. Kwa bomba lililopasuka usiku wa mvua, mimi naitegemea ya vitufe.

Mwanachama, Matamba: Shikamoo fundi. Ofisi yetu ina eTrex ya njano ya zamani kabisa, haionekani kwenye kompyuta kama fleshi. Imekufa?

Jibu: Marahaba. Haijafa. Zile za zamani hazina folda, zinaongea na kompyuta kupitia waya wa zamani uitwao serial, si USB, na programu lazima izitumie pini moja kwa moja. GPSBabel inaweza: badala ya kutoa faili la gpx, unachagua garmin na mlango wa waya, mfano com1. Lakini jina lina mwisho wa herufi 6. VL03 MLANZI MKUBWA haliingii. Andika VL03ML, na maelezo marefu yaweke kwenye daftari linalokaa mfuko mmoja na GPS.

Mwanachama, Njombe: Naona kitu kinanichanganya. Simu inasema -8.909, GPS inasema S 08 54.540. Ni mahali pamoja kweli?

Jibu: Ni mahali pamoja. Simu inakupa nyuzi zenye desimali, GPS inakupa nyuzi na dakika, na uzi mmoja una dakika 60. Chukua 54.540 ugawe kwa 60, unapata 0.909. Hatari ni pale mtu anapoisoma 08 54.540 halafu anaandika 8.54540 kwenye simu. Hapo amekosea kilometa kama 40. Ingia kwenye mipangilio ya GPS, kwenye mtindo wa kuonyesha mahali, uchague nyuzi za desimali, na wote ofisini mtumie mtindo huo mmoja.

Mwanachama, Tukuyu: Kaka, mwenzangu kanitumia faili la KMZ kwa WhatsApp. GPS hailioni.

Jibu: Dada yangu, KMZ ni zip iliyovaa jina jingine. Badilisha mwisho wa jina liwe .zip, lifungue, ndani utakuta doc.kml. Hilo ligeuze kwa amri ileile, ila badala ya unicsv andika kml, na badala ya chemba.csv andika doc.kml.

Mwanachama, Ilula: Tunazo ramani za mkandarasi wa zamani, chemba zote zimeandikwa kwa namba ndefu, moja ya tarakimu sita na nyingine ya tarakimu saba. Nilipoziingiza, GPS ilinipeleka karibu mita 300 kutoka kwenye tenki ninaloliona kwa macho.

Jibu: Hizo ni namba za UTM, mfumo unaoigawa dunia katika kanda na kupima mahali kwa mita, na mita 300 ndiyo dalili yenyewe. Ramani nyingi za zamani za nchi yetu zilichorwa kwa msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, wakati Google na GPS hutumia WGS 84. Namba zilezile kwenye misingi hii miwili zinatua sehemu mbili tofauti, zikipishana kama hivyo ulivyoona. Kwenye mipangilio ya GPS badilisha vitu viwili: mtindo wa mahali uwe UTM, na msingi (Datum) uwe Arc 1960. Ingiza pini zako zote. Ukimaliza rudisha WGS 84, GPS itazigeuza yenyewe.

Lakini wewe wa Ilula una jambo la ziada. Kanda ya UTM ya 36 inaishia kwenye longitudo 36, na mpaka huo unapita kati ya Iringa mjini na kwenu. Iringa mjini ni 36, Ilula na upande wa Udzungwa ni 37. Soma pembeni ya ramani uone mkandarasi alitumia ipi.

Halafu ile herufi. Kwenye ramani utaona 36S au 37S, na S hapo ni kusini. Kwenye Garmin herufi inayofuata namba ina maana nyingine, inataja mkanda wa latitudo. Iringa na Ilula ni M, Mbeya ni L. Ukiandika S, Garmin itaelewa mkanda ulio kaskazini ya ikweta, kwenye latitudo za Bahari ya Mediterania.

Mwanachama, Makete: Sisi hatuna pini hata moja. Chemba anazijua mzee mmoja aliyechimba mtaro mradi ulipojengwa. Nianzie wapi?

Jibu: Anza na mzee, wiki hii. Nenda naye asubuhi ukungu ukishapanda, mfuate kutoka kwenye chanzo kushuka, usimkimbize. Kila kifuniko atakachokuonyesha, weka GPS juu yake na uiache itulie dakika mbili kabla ya kubonyeza alama, hasa chini ya miti ambako inakosea zaidi. Andika maelezo papo hapo, mfano hatua nne kusini mwa mwati uliokatwa, kwa kuwa GPS inakuacha ndani ya mita chache na kifuniko chenyewe hakizidi upana wa sinia. Beba na kopo la rangi nyeupe, upake namba juu ya zege kabla hamjaondoka.