Tafuta kwa jina la kazi kwanza: namna ya kuzipata filamu za maisha ya kawaida zisizovuma

Mimi ni fundi cherehani. Nilianza kutafuta filamu hizi kwa sababu nilitamani kuona mafundi wenzangu wa mbali wanavyoshika sindano. Nikaandika kwenye intaneti "filamu bora kuhusu mafundi nguo", nikaletewa wanamitindo wakipita jukwaani. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ameinamia kitambaa. Ilichukua miezi kadhaa nikagundua kwamba maneno yangu ndiyo yaliyokuwa yananipoteza.

Ondoa "bora" na "maarufu". Maneno hayo yanakurudisha kwenye orodha zile zile kila siku. Andika kitendo, kisha chombo au mahali, kisha mwaka: kupiga pasi kwa mkaa 1950, kufua nguo mtoni, kupuliza chupa kiwandani. Usipopata kitu, geuza jina la kazi kwa lugha ya nchi unayoitaka, kwa sababu watunza maktaba wa kule waliandika maelezo kwa lugha yao wenyewe. Na ukishaijua filamu moja, kusanya majina yake yote. Safi Faye wa Senegal alitengeneza mwaka 1975 filamu kuhusu wakulima wa karanga katika kijiji cha kwao, yenye umbo la barua. Kwa Kiwolofu inaitwa Kaddu Beykat, sauti ya mkulima. Kwa Kifaransa inaitwa Lettre paysanne. Ukitumia jina moja tu, nusu ya taarifa zake zitakupita.

Pa kutafutia: Internet Archive, maktaba ya bure ya mtandaoni, ina mkusanyiko wa Rick Prelinger, mtu aliyeokota filamu ambazo wengine walizitupa, zikiwemo za mafunzo ya kazi, za matangazo na zile ambazo familia zilijipigia nyumbani. Mwaka 2002 Maktaba ya Bunge la Marekani iliuchukua mkusanyiko huo, lakini maelfu ya filamu zake bado ziko wazi mtandaoni kwa yeyote kuzitazama. Bodi ya Taifa ya Filamu ya Kanada, iliyoanzishwa mwaka 1939, nayo imeweka filamu nyingi za bure kwenye tovuti yake. Huko kote usiishie ukurasa wa kwanza wa majibu. Filamu ambayo imetazamwa na watu arobaini haiwezi kupanda juu yenyewe. Nenda hadi ukurasa wa saba, wa nane.

Anza na fupi. Ninayempa mgeni kwanza ni Glas ya Bert Haanstra, Uholanzi, mwaka 1958, kama dakika kumi hivi. Mwanzoni ni wapuliza kioo: mashavu yanavimba, bomba linazungushwa, bonge la moto linageuka kuwa chombo, na muziki unakwenda na pumzi zao. Halafu inakuja mashine ya chupa. Chupa moja inavunjika shingo, inanasa, na zile zinazofuata zinagongana na kuanguka moja baada ya nyingine mpaka mkono wa mtu unapoitoa. Hakuna msimulizi anayekueleza chochote. Nimeitazama zaidi ya mara ishirini, na kila mara mkono ule ukitokea natoa pumzi.

Sasa suala la kasi, ambalo watu wengi hulipuuza na ndilo linaloharibu filamu za zamani. Filamu nyingi za enzi ya filamu zisizo na sauti zilipigwa kwa takriban fremu, yaani picha moja moja, 16 hadi 18 kwa sekunde. Anayeziweka mtandaoni kwa fremu 24 bila kurekebisha anawafanya watu wakimbie kama kuku. Nilipata mara moja nakala ya wanawake wakishona, nikadhani walikuwa wepesi ajabu. Kama fundi, ningepaswa kushtuka mapema: uzi ulikuwa unavutwa kwa kasi ambayo ungekatika. Fungua mipangilio ya kichezeshi cha video, punguza kasi hadi 0.75, kisha tazama mtu anayetembea. Kisigino kikigusa ardhi kwa uzito wa kawaida, umefika.

Usiamini pia kwamba kila kilichopigwa kimetokea chenyewe. Ndugu Lumière, Wafaransa waliokuwa miongoni mwa waanzilishi wa filamu, walipiga mwaka 1895 wafanyakazi wakitoka kiwandani kwao Lyon, filamu ya chini ya dakika moja, na watu wengi huiona kama tukio lililonaswa tu. Lakini ziko nakala tatu tofauti, na hutofautishwa kwa farasi: moja ina farasi mmoja, nyingine wawili, nyingine haina farasi kabisa. Watu walitoka, wakarudi, wakatoka tena. Hilo halinipunguzii hamu. Linanifanya niangalie nani anajikaza mbele ya kamera na nani amesahau kama ipo.

Kwa nyuso hakuna kinachozidi kazi ya Mitchell na Kenyon, kampuni ya filamu ya Uingereza. Mwaka 1994 mafundi waliokuwa kazini kwenye duka la zamani mjini Blackburn, Uingereza, walikuta mapipa matatu ya chuma yenye negativu (filamu asilia ambazo nakala hutolewa kwazo) zipatazo 800 za mwanzoni mwa karne ya 20. Kampuni hiyo ilipiga umati viwandani na mitaani ili watu waje kulipa kiingilio na kujiona wenyewe, ndiyo maana kamera inahakikisha kila uso unapita. Simamisha picha popote. Kuna mtoto anayerudi mara ya pili kwa upande mwingine ili aonekane tena.

Filamu ndefu itazame mara mbili, mara moja bila sauti. Mtengenezaji filamu Agnès Varda alipiga Daguerréotypes katika mtaa wake mwenyewe wa Paris katikati ya miaka ya 1970; alikuwa na mtoto mdogo, akavuta waya wa umeme kutoka nyumbani kwake, na hakwenda mbali kuliko waya ulivyofika. Ukizima sauti utaona mikono ya wenye maduka inavyopima, inavyofunga, inavyorudisha chenji.

Na usiziache za kubuni. Borom Sarret ya Ousmane Sembène, mwaka 1963, inamfuata mwenye mkokoteni wa farasi Dakar kwa siku moja, kwa muda usiozidi dakika ishirini na chache. Nishani yake ya vita inaanguka chini, na polisi anaikanyaga kwa kiatu. Hakuna filamu ya makala niliyowahi kuona iliyonionyesha siku ya kazi kwa ukaribu huo.

Weka daftari. Mimi naandika mistari mitatu: kazi gani, chombo gani, na mkono ulifanya nini ambacho sikukijua. Andika pia majina yanayopita mwishoni, hasa ya mpiga picha, kisha umtafute kwa jina lake; mara nyingi ana nyingine tano ambazo hazina mtazamaji.

Ukurasa mmoja wa daftari langu bado uko wazi. Natafuta fundi akigeuza kola ya shati lililochakaa: anaifumua, anaipindua upande mzima, anaishona tena mahali pake. Nimeshajaribu lugha nne.